Bukavu hadi Lubumbashi kwa gari: watoto, mbwa na mipaka minne

Kwenye ramani ya Kongo, barabara ya taifa nambari 5 inaunganisha Bukavu na Lubumbashi bila kutoka nje ya nchi. Inateremka hadi Uvira, inafuata Ziwa Tanganyika kupitia Baraka na Fizi, inafika Kalemie, kisha Pweto, na mwisho Lubumbashi. Kwa mstari ulionyooka, miji hii miwili imeachana kwa kilomita zipatazo 1,000. Lakini familia ya Bukavu inayotaka leo kufika Lubumbashi kwa gari hujikuta mbele ya safari ya karibu kilomita 3,000. Inavuka Rwanda, Tanzania na Zambia, ili ije iingie tena katika nchi yake yenyewe kupitia Kasumbalesa.

Si safari ya vakanse, hata kama watoto huichukua hivyo. Ni baba aliyehamishwa kikazi, mama anayefuata mume, wanafunzi wanaotafuta mwaka wa masomo usiokatika, au babu na nyanya wanaongoja wajukuu. Na mara nyingi, katika gari hilo, swali la mwisho huulizwa na mtoto: mbwa wetu naye anakwenda?

Kwa nini kuzunguka hivyo

Zamani jibu la haraka lilikuwa ndege. Kiwanja cha Kavumu, kaskazini mwa mji, ndicho kilichoiunganisha Bukavu na Kinshasa na miji mingine. Tarehe 14 Februari 2025 Kavumu iliingia mikononi mwa AFC/M23, na siku mbili baadaye mji wenyewe. Safari za kawaida za abiria zilisimama. Goma ilikuwa imeanguka mwishoni mwa Januari mwaka huohuo, na kiwanja chake kikafungwa vilevile.

Barabara nazo zina historia yao. Ile ya taifa nambari 3, inayopanda Miti, kukata Mbuga ya Kahuzi-Biega na kuelekea Walikale, Lubutu na Kisangani, imeharibika kwa miaka mingi, na sehemu zake hupita kwenye maeneo ya mapigano. Ile ya nambari 2 inakwenda Goma kupitia Kalehe, Nyabibwe na Minova, lakini Goma si mlango wa kuelekea kusini. Ile ya nambari 5 inaanza na mlima wa Ngomo, wenye njia nyembamba juu ya makorongo, ambao madereva wengi waliukwepa hata wakati wa amani kwa kupitia Bugarama upande wa Rwanda na kutokea Kamanyola. Baada ya hapo kuna bonde la Ruzizi, kisha Uvira, ambako vita vilifika Desemba 2025. Zaidi ya Fizi, mvua na madaraja mabovu huamua nani anapita na nani anabaki.

Njia ya Burundi pia imebanwa. Tangu Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, kwa hiyo aliyevuka Ruzizi kuingia Rwanda hawezi kukata kona kuelekea Bujumbura. Ndiyo maana wenye gari na wenye uwezo wa kununua mafuta huelekea mashariki: Kamembe, Kigali, Rusumo.

Kila mtu na karatasi yake

Wakaaji wa Bukavu wamezoea kuvuka Ruzizi. Jeton kwa aliye jirani wa mpaka, laissez-passer ya CEPGL kwa anayekwenda mbali kidogo. Jumuiya hiyo ya Kongo, Rwanda na Burundi iliundwa mwaka 1976, na karatasi yake bado inajulikana na kila muuza samaki wa Kadutu. Mazoea hayo ndiyo yanayowadanganya wengi. Laissez-passer ya CEPGL haiendi Tanzania wala Zambia. Kadi ya mchaguzi, ambayo Mkongomani huitumia kama kitambulisho kila mahali nyumbani, haina nguvu Tunduma.

Kwa safari hii kila mtu anahitaji pasipoti, hata mtoto anayenyonya. Hapo ndipo tatizo la kwanza la familia linapoonekana, kwa sababu pasipoti ya mtoto huanza na cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Wengi wa Bukavu hawakufanya hivyo, ama kwa umbali, ama kwa kudhani kwamba karatasi ya maternite inatosha. Karatasi hiyo inathibitisha tu kwamba mtoto alizaliwa mahali fulani. Anayeuliza uraia anataka cheti cha serikali. Aliyepita siku 90 hulazimika kupitia hukumu ya mahakama, na huo ni muda na pesa. Tangu mji ubadilishe mikono, huduma zinazotegemea Kinshasa, kama pasipoti, zimekuwa mbali zaidi na wakaaji. Kwa hiyo mwenye cheti na pasipoti zilizotolewa mapema ana mtaji kuliko mwenye gari zuri.

Karatasi ya pili ya watoto ni ruhusa ya mzazi. Mama anayesafiri peke yake na watoto, au shangazi anayewapeleka watoto wa kaka yake, ataulizwa mpakani kama hawa ni watoto wake na kama baba anajua. Swali hilo si dharau. Mipaka ya Maziwa Makuu imeona watoto wengi wakisafirishwa na watu wasio wao. Barua ya ruhusa iliyotiwa sahihi na mzazi asiyesafiri na kuthibitishwa na mamlaka, pamoja na nakala ya kitambulisho chake na nambari ya simu inayopatikana, humaliza maneno kwa dakika chache. Ikikosekana, familia hulala bariere.

Masharti ya viza hubadilika. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hilo limebadilisha mengi kati yake na Rwanda na Tanzania, lakini Zambia haimo katika jumuiya hiyo. Ubalozi ndio wa kuuliza, tena kabla ya kufunga masanduku.

Kadi mbili za njano

Kuna kadi mbili za njano katika safari hii, na watu huzichanganya. Moja ni ya mwili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kongo ni nchi yenye ugonjwa huo, na msafiri anayetoka huko huulizwa cheti. Chanjo hutolewa kwa mtoto kuanzia miezi tisa, na tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba sindano moja inatosha maisha yote. Mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 hahitaji kurudia, ila aihifadhi isiharibike.

Ya pili ni ya gari: kadi ya bima ya COMESA. Kongo, Rwanda, Tanzania na Zambia zote zinaitambua. Bila hiyo, dereva hulazimika kununua bima mpya kila mpaka. Pamoja nayo kuna carte rose yenye jina la mwenye gari. Kama gari si la dereva, barua ya idhini inahitajika. Pembetatu mbili za onyo na kizima-moto si vitu vya kuazima njiani. Polisi wa Tanzania na Zambia huviangalia.

Njia yenyewe

Siku ya kwanza ni Kamembe hadi Kigali. Barabara ni ya lami, lakini inakata msitu wa Nyungwe, ulioingizwa mwaka 2023 katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kona ni nyingi na baridi ni kali, na hapa ndipo watoto hutapika. Wazazi wenye uzoefu huwapa chakula chepesi asubuhi, huacha dirisha wazi kidogo na kuweka mfuko karibu. Nyani hukaa kando ya lami, na si mahali pa kumshusha mbwa.

Kutoka Kigali hadi Rusumo ni nusu siku. Daraja la Rusumo juu ya mto Kagera lina kumbukumbu nzito: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walilivuka kwa muda wa saa 24 wakikimbilia Tanzania, watoto mgongoni na godoro kichwani. Leo kuna daraja jipya na ofisi za nchi mbili ziko pamoja, msafiri anagongewa mihuri mahali pamoja.

Mambo mawili hubadilika Rusumo. Saa inasogezwa mbele kwa saa moja, kwa sababu Tanzania haifuati saa ya Bukavu. Itarudi nyuma tena Zambia. La pili ni la hatari zaidi: Kongo na Rwanda magari hupita kulia, Tanzania na Zambia hupita kushoto. Dereva wa Bukavu mwenye usukani wa kushoto hawezi kuona vizuri anapotaka kulipita lori. Anahitaji mtu wa kiti cha mbele wa kumwambia kama njia ni wazi, na subira. Kosa hutokea zaidi asubuhi, dereva anapotoka hotelini akiwa na usingizi na mkono wake unarudi ulikozoea.

Tanzania ndiyo sehemu ndefu kuliko zote: Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, kisha kuvuka bwawa la Mtera hadi Iringa, na kutoka hapo Mbeya na Tunduma. Lami ni nzuri, lakini kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na askari wa trafiki wana mashine ya kupima mwendo. Faida kubwa ni lugha. Mtoto wa Kadutu anaomba maji, anaeleweka. Watamcheka kidogo kwa kusema «mutoto» na «mukate», naye atawacheka wao, lakini hatapotea.

Ukipita Tunduma na Nakonde, Kiswahili kinaanza kupungua na Kibemba kinachukua nafasi. Barabara inakwenda pamoja na reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola: hapa vijiji ni mbali na mbali, kwa hiyo tangi la mazutu au esansi lijazwe kila inapowezekana, na usiku gari lilale. Karibu na Serenje ndiko David Livingstone alikofia mwaka 1873, na moyo wake ukazikwa huko.

Kasumbalesa ni msururu wa malori ya shaba, wakati mwingine kilomita nyingi. Magari madogo yana njia yake, lakini joto, vumbi na kungoja huwachosha watoto kuliko siku zote zilizotangulia. Kutoka hapo hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 90. Kwa jumla, familia yenye watoto wadogo isipange chini ya siku tano.

Na mbwa?

Neno lake halibadiliki sana njia nzima. Rwanda ni imbwa, Tanzania ni mbwa, kwa Wabemba ni imbwa tena. Lakini karatasi zake ni ngumu kuliko za watu, kwa sababu hakuna jeton wala laissez-passer ya mnyama.

Cha kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ile watu wa Bukavu wanayoiita rage. Kwa kawaida nchi hutaka iwe imetolewa angalau siku 30 kabla ya kuvuka na isiwe imepita miezi 12. Maana yake, familia iliyoamua kuondoka wiki ijayo, na mbwa wake hajachanjwa, imeshachelewa. Cha pili ni cheti cha afya kutoka kwa veterinere wa serikali, kinachotolewa siku chache kabla ya safari. Cha tatu ni kibali cha kuingiza mnyama, kinachoombwa mapema kwa kila nchi: Rwanda ni taasisi ya ukaguzi iitwayo RICA, Tanzania ni wizara ya mifugo, Zambia ni idara ya huduma za mifugo. Mwishoni, Kasumbalesa, kuna huduma ya karantini ya wanyama na mimea ya Kongo. Mbwa wa Kongo anarudi Kongo, lakini kwa macho ya karantini anatoka Zambia.

Masharti haya hayakutungwa kwa kuwasumbua watu. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distemper, ambao hupatikana kwa mbwa wa vijijini, uliwaingia simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao. Mbuga ya Kahuzi-Biega nayo inalinda sokwe wakubwa dhidi ya magonjwa ya binadamu na ya wanyama wa nyumbani kwa sababu hiyohiyo.

Nchi zinaweza kulegeza zikitaka. Mwaka 2022, Waukraine walipokimbia vita na mbwa na paka wao, nchi za Umoja wa Ulaya zilikubali waingie hata bila karatasi kamili, kisha wanyama wakachanjwa upande wa pili. Katika Maziwa Makuu hakuna mpango wa aina hiyo. Makumi ya maelfu ya watu waliovuka mto Ruzizi kuingia Burundi Februari 2025 walivuka na watoto na mizigo, na walichoweza kubeba ndicho walichobaki nacho.

Kwa anayesafiri na mbwa kihalali, mengine ni ya kawaida. Mbwa akae nyuma, ndani ya sanduku lenye hewa au afungwe kamba fupi, asije akaruka kwa dereva kwenye kona. Apewe maji kila saa mbili au tatu, chakula kidogo jioni gari likishasimama. Asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa juani: joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 10. Kanuni hiyo ni ya watoto vilevile. Hoteli iulizwe kwa simu kabla, kwani nyingi za njia hii hazikubali mnyama.

Anayebaki

Familia nyingi, zikishahesabu vibali na siku, huamua mbwa abaki. Hakuna aibu katika hilo, lakini kuna namna ya kubaki. Mbwa aliyefungiwa lango na kuachiwa sentineli ambaye naye atakimbia, mwisho wake ni barabarani. Anazurura na wengine, anatafuta takataka, na kwa kuwa hakuna anayemchanja tena, anaweza kuchukua rage na kuileta kwa watoto wa mtaa.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaougua kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na kwamba kati ya wanaoumwa na wanyama wenye shaka, asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Kabla ya dalili, unazuilika: kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya kwa chanjo. Si cha kungoja kesho, na si cha kufunikwa kwa dawa ya majani.

Kwa hiyo anayebakisha mbwa amchanje kabla ya kuondoka, ampe mtu anayejulikana na aliyekubali, si aliyelazimishwa, amwachie kadi ya chanjo na pesa ya chakula. Na watoto waambiwe ukweli. Mtoto aliyeambiwa kwamba mbwa atakuja na gari la kesho ataendelea kuuliza hadi Kapiri Mposhi, na akijua alidanganywa, hataamini neno linalofuata, hata lile la kwamba siku moja watarudi Bukavu.

Pesa, simu na usiku

Benki za Bukavu zilifunga milango mji ulipobadilisha mikono, kwa hiyo wengi husafiri na dola mkononi. Ni heri zigawanywe kwa watu wazima wawili, noti ziwe mpya na zisizochanika, na zibadilishwe kidogo kidogo: faranga ya Rwanda, shilingi, kwacha, kisha faranga ya Kongo. Nakala za pasipoti zote zitumwe kwenye simu ya ndugu wa Lubumbashi na ya ndugu wa Bukavu. Kila mtoto anayeweza kuzungumza ajifunze kwa kichwa nambari moja ya simu, na aliye mdogo zaidi aandikiwe kwenye nguo.

Neti ya mbu isisahaulike. Bukavu iko juu, kwenye mita 1,500 hivi, na mtoto aliyezaliwa huko hana mazoea na malaria ya mabonde. Homa ikianza baada ya Kahama au baada ya kufika, ni kipimo kwanza, si kudhani ni uchovu wa njia.

Wazazi wanaoipima safari hii hufanya hesabu ya mafuta kwanza na ya hoteli baadaye. Hesabu inayofaa kuanza nayo ni nyingine: nani ndani ya nyumba hana karatasi? Mara nyingi jibu ni yule mdogo kuliko wote, aliyezaliwa wakati wa vita na ambaye hakuandikishwa. Baba anaweza kupata njia na pasipoti yake peke yake, lakini mtoto asiye na cheti huzuia gari zima, au huachwa kwa shangazi «kwa muda», muda ambao mara nyingi haujulikani mwisho wake. Kwa familia isiyojua bado kama itaondoka au itabaki, kumwandikisha huyo mtoto, na kumchanja mbwa, ni kazi mbili zinazoweza kuanza wiki hii bila kuvuka mpaka wowote.